Kutoka Lanet mpaka Chesegon: safari ya kufuata maisha ya Jenerali Ogolla

Jumatatu, Nakuru

Ukiuliza watu kumi huku kwetu Jenerali Francis Omondi Ogolla alikuwa nani, wengi watakwambia ni yule mkuu wa majeshi aliyekufa kwa ajali ya chopa akazikwa bila jeneza. Ni kweli. Lakini hizo ni siku nne tu za maisha ya mtu, kutoka Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024 mpaka Jumapili tarehe 21, na huyu mtu alikuwa amelitumikia jeshi karibu miaka 40, zilikuwa zimebaki siku sita tu itimie. Hiyo miaka ndiyo nimekuja kuifuata mahali kwa mahali, kwa sababu naona vijana wetu wamesimuliwa kifo chake na hakuna aliyewasimulia kazi yake.

Niko na mpwa wangu, binti ya dadangu, amemaliza kidato cha nne mwaka jana na tangu akiwa mdogo ni ndege tu. Anataka kuingia Wanahewa, jeshi letu la ndege. Mamake akasema basi nenda na anko wako uone hiyo njia inaanzia wapi, usidhani ni kuvaa miwani nyeusi na kupigwa picha.

Inaanzia Lanet. Unatoka mjini Nakuru na matatu za upande wa Nairobi, na chuo cha kijeshi kiko huko, makadeti wa jeshi letu wote hupikwa hapo, wa nchi kavu, wa majini na wa hewani. Hatukupiga picha na hatukukaribia lango, na wewe ukipita usijaribu, ile ni kambi. Tulikaa mbele kidogo kwa mama mmoja anauza chai na mandazi, akatuambia siku ya gwaride la kufuzu wazazi hufika kukiwa bado giza, wamevaa nguo zao za maana, wengine wametoka mbali na hawajawahi kuona mtoto wao akiwa na magwanda.

Ogolla aliingia jeshini tarehe 24 Aprili 1984, akiwa na miaka 22, kisha tarehe 6 Mei 1985 akawa luteni wa pili na kupelekwa Wanahewa. Mpwa wangu alishtuka kidogo hapo. Yeye alidhani unachukuliwa nyumbani unapelekwa moja kwa moja kwenye ndege. Hapana. Rubani wa kijeshi ni askari kwanza, ni kwata, ni kukimbia na mzigo mgongoni, ni kusoma ramani usiku, ni bunduki, ni kujifunza kuongoza watu ambao wengine wamekuzidi umri, na zaidi ya mwaka mzima unaisha hujashika usukani wa kitu chochote kinachopaa. Halafu ndio unaanza shule ya urubani na huko nako kuna wanaorudishwa, si kwa ubaya, ni vile mkono au macho au tumbo limekataa.

Lanet yenyewe ina historia yake nzito. Januari 1964, hata miezi miwili haijaisha tangu uhuru, wanajeshi wa hapa waliasi na ikabidi askari wa Uingereza waitwe kuzima. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Juni 1964, ndio Jeshi la Wanahewa la Kenya likaanzishwa. Ogolla wakati huo alikuwa mtoto wa miaka miwili kule Siaya. Na mpaka 1973 ndipo Mwafrika wa kwanza, Dedan Gichuru, akapewa kuliongoza, maana yake wakati Ogolla anakua kijijini, kwa kijana mweusi kuwa mkubwa wa jeshi la ndege hapa Kenya lilikuwa jambo jipya kabisa.

Tumelala mjini. Baridi ya Nakuru si mchezo.

Jumanne, Njoro na barabara ya Kisumu

Asubuhi tumepita Njoro kwa sababu nilitaka huyu msichana aone Egerton. Chuo kilianza 1939 kama shule ya ukulima ya Lord Egerton, kikawa chuo kikuu 1987, na Ogolla alikuwa na diploma ya Egerton ya masomo ya kimataifa na sayansi ya kijeshi. Baadaye akaongeza digrii upande wa siasa, mizozo ya kivita na amani, akasoma pia École Militaire kule Paris, akasoma chuo cha ulinzi cha taifa, na mwisho hicho chuo cha ulinzi akakiongoza yeye mwenyewe. Kwa nini nasema haya yote? Kwa sababu kuna ile imani kwamba jeshi ni la mtu aliyeshindwa na kitabu. Huyu jamaa hakuacha kusoma, na alisoma akiwa kazini, akiwa na familia, akiwa na ndege za kurusha.

Tukashika gari la Kisumu kupitia Molo, Mau Summit, Londiani, Kericho. Pale Kericho mvua, majani chai kila upande, ukiteremka kuelekea Awasi joto linaanza kukupokea na unajua sasa unaingia kwetu. Mpwa wangu alikuwa amelala nikamwamsha tukikaribia Ahero, nikamwonyesha upande wa kushoto kule milima ya Nyakach, nikamwambia huko ndiko alikotoka Hezekiah Ochuka.

Hakuwa anamjua. Nikamweleza, na abiria wawili watatu wakaacha mazungumzo yao wakawa wanasikiliza. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa vyeo vya chini wa Wanahewa wakiongozwa na Ochuka walijaribu kupindua serikali ya Rais Moi, wakateka kituo cha redio Nairobi, na kule Nanyuki marubani wa ndege za kivita za F-5 wakalazimishwa kwa mtutu wa bunduki kupaa waende kupiga mabomu Nairobi. Wale marubani walipaa kweli, lakini mabomu wakaenda kuyamwaga msituni Mlima Kenya. Hebu fikiria huo uamuzi, uko ndani ya ndege, kuna mtu na bunduki ameambiwa akuchunge, na una dakika chache tu. Mapinduzi yakashindwa siku hiyo hiyo. Ochuka na mwenzake wakatorokea Tanzania kwa ndege, wakarudishwa, wakanyongwa 1987. Jeshi lote la Wanahewa likavunjwa, kamanda wake Peter Kariuki akafungwa, na hata jina likafutwa, likaitwa '82 Air Force mpaka 1994.

Sasa weka hizo tarehe pamoja na za Ogolla. 1984 kijana kutoka Siaya anajiunga na jeshi, 1985 anapelekwa kwenye kikosi ambacho jina lake lilikuwa limefutwa kwa sababu ya mambo ya 1982, na kiongozi wa ule uasi alitoka huku huku Nyanza na wakati huo hata hajanyongwa bado. Mimi sijui kijana wa siku hizi anaweza kuelewa uzito wa hilo. Mzee mmoja kwenye kiti cha nyuma akasema miaka ile ukisema mtoto wako yuko Wanahewa, watu walikuwa wanateremsha sauti. Akanyamaza kidogo halafu akaongeza, na yule akatoka hapo mpaka juu kabisa.

Kwangu mimi hii ndiyo sehemu kubwa ya hadithi yake. Alikuta nyumba imeungua, akaishi ndani yake, akaijenga, na tarehe 15 Julai 2018 akawa kamanda wa Jeshi la Wanahewa lote.

Jumatano, Kisumu

Leo ndio siku niliyoingoja. Asubuhi tulienda Usoma, kule ufuoni karibu na uwanja wa ndege, unakaa tu pale na ndege zinapita chini chini zikija kutua na ziwa liko hapo mbele. Watu wengi hawajui kwamba Kisumu ni mji wa ndege wa siku nyingi. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways, zile zinazotua juu ya maji, zilikuwa zikitoka Uingereza kuelekea kusini mwa Afrika zinatua hapa hapa ziwani. Wavuvi wa wakati ule walikuwa wanapisha ngalawa zao ili ndege ipate pa kutua.

Mchana tukaenda kumuona mzee mmoja, sajini mstaafu, alikuwa fundi wa ndege Wanahewa kwa miaka mingi na sasa amejenga huku. Jina lake ameniomba nisiliandike. Mke wake alitupikia samaki wa kukaanga na ugali wa wimbi na hakukubali tuanze maneno kabla hatujala. Mzee ana mikono mikubwa, kucha zimekatwa fupi kabisa, na akieleza kitu kuhusu ndege anaondoa sahani na vikombe mezani ili kila kimoja kiwe kipande cha injini.

Mpwa wangu akamuuliza, babu, kurusha F-5 kukoje? Akasema nyathina, yaani mwanangu, mimi nilikuwa wa chini, lakini nimewafunga mikanda wengi na nimewafungua wengi, nikwambie nilichoona. Ile ndege ikikata kona kali, mwili wa rubani unazidishwa uzito mpaka karibu mara 7. Wewe una kilo ngapi? Akasema 55. Basi zidisha, unakuwa karibu kilo 385, kichwa chako, mkono wako, kila kitu, na damu inakimbilia miguuni inaacha ubongo, macho yanaanza kuona kijivu, kisha weusi. Kwa hiyo rubani anavaa suruali maalum ambayo inajaa hewa na kubana mapaja na tumbo, na yeye mwenyewe anakaza misuli yote huku anapumua kwa kukata kata, na wakati huo huo anatakiwa afikirie na aangalie adui yuko wapi. Anashuka shati limelowa lote. Mzee akasema rubani akishuka yeye alikuwa anamtazama usoni kabla ya kuitazama ndege.

Hizo F-5 Kenya ilizinunua Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 na kambi yake ni Laikipia, kule Nanyuki. Ogolla alifunzwa urubani wa ndege za kivita na jeshi la anga la Marekani, na miaka ya baadaye alikuwa naibu kamanda wa hiyo kambi ya Laikipia kabla ya kuongoza ya Eastleigh. Alikuwa pia mwalimu wa marubani. Hapo mzee akainua kidole. Akasema watu wanasifu rubani wa kivita, lakini mwalimu ndiye kazi. Wanahewa walitumia kwa miaka mingi ndege ndogo ya mafunzo inayoitwa Bulldog, mwalimu na mwanafunzi wanakaa bega kwa bega, na mwanafunzi anakosea, lazima akosee ndio ajifunze, sasa mwalimu anatakiwa ajue ni kosa gani aliache liendelee kidogo na ni kosa gani alikamate sasa hivi, na mkono wake uko karibu na usukani lakini haugusi. Ukigusa mapema mwanafunzi hajifunzi. Ukichelewa mnakufa wawili.

Kisha akatuonyesha mambo ya fundi. Kabla ndege haijapaa kuna kitabu chake, fundi anaandika alichokagua na kuweka sahihi, rubani anasoma, anaizunguka ndege yeye mwenyewe akigusa gusa, halafu naye anaweka sahihi kuikubali. Spana zinahesabiwa zikitoka na zinahesabiwa zikirudi, ikikosekana moja tu hakuna kupaa mpaka ipatikane. Mzee akasema kuna usiku walitafuta bisibisi wakiwa wamelala kifudifudi na tochi mpaka alfajiri, na mkubwa wao yuko hapo chini pamoja nao.

Nikauliza kuhusu jambo ambalo limenikaa moyoni tangu 2024. Kati ya mafunzo ya Ogolla kuna hili: alifunzwa uchunguzi wa ajali za ndege. Mzee alikaa kimya, akasukuma kikombe, akaanza kueleza polepole na mpwa wangu akatoa daftari.

Kwanza hakuna kugusa kitu. Watu wakishaokolewa, kila kipande kinabaki kilipoangukia, unapiga picha kila upande, unachora ramani ya vipande vyote. Unatafuta pembe za ndege, pua, mkia, ncha za mabawa, kama zote ziko pamoja basi ndege ilifika chini ikiwa nzima, kama mkia uko mbali sana basi ilianza kukatika juu. Unachukua mafuta yaliyobaki kwenye tangi na pia unaenda kufunga lile lori lililojaza mafuta hayo mara ya mwisho. Unafungia vitabu vya ukarabati mtu asije akaongeza mstari. Unazungumza na waliosikia, mchungaji wa mbuzi aliyesikia mlio ukibadilika anaweza kukusaidia kuliko ofisa yeyote. Na unaangalia panga za injini, yale mabapa yanayozunguka, zimepinda namna gani. Na muhimu, mzee akasema, humtafuti wa kumfunga, unatafuta ni nini hasa kilitokea ili wa kesho asife.

Hapo mimi nilishindwa kuendelea kuandika. Mtu amefunzwa haya yote, anajua kwa undani jinsi chuma kinavyoweza kumwangusha mtu, na bado kila akiitwa anapanda. Marubani wote wanajua, lakini mchunguzi anajua zaidi.

Tuliondoka jua limezama. Mzee alitusindikiza hadi steji na akamwambia mpwa wangu akisha ingia, ampigie simu yeye kabla ya kumpigia mamake.

Alhamisi, Ng'iya

Matatu ya Siaya inatoka stendi ikijaa, na leo ilichelewa kujaa. Kisian, Maseno, Luanda, halafu tukaacha barabara ya Busia. Pale Maseno ndipo mstari wa ikweta unapita, na kuna kitu nilimwonyesha mpwa wangu kwenye ramani ya simu akafurahi sana. Nanyuki iko kwenye ikweta. Maseno iko kwenye ikweta. Ng'iya nayo iko hapo hapo tu. Yaani rubani akipaa kutoka Laikipia akaelekeza pua magharibi bila kupinda, atapita juu ya Nyahururu, atavuka Bonde la Ufa, atapita juu ya milima ya Nandi, atapita Maseno, na atafika juu ya boma la kina Ogolla. Ni kama kilomita 300. Kwa ndege ya kivita inayokwenda kilomita 900 kwa saa, na hiyo ni mwendo wa chini ya sauti, ni dakika 20. Sisi kutoka Nakuru tu imetuchukua siku.

Ng'iya ni mahali pa shule na kanisa la zamani, watu wake ni wapole. Sikutaka kwenda kusumbua familia nyumbani, hilo niliamua tangu mwanzo. Tulikaa sokoni, tukanunua ndizi, tukaongea na waliotaka kuongea. Mama mmoja anayeuza nyanya alisema Jenerali akija nyumbani alikuwa anasalimia watu kwa majina. Kijana wa boda akasema yeye alimuona mara moja tu, siku ya mazishi, na hiyo haikuwa kuona.

Alizaliwa tarehe 24 Februari 1962 na akazikwa huku huku kwao, siku ya tatu tu baada ya kufa. Alikuwa ameacha wosia, azikwe ndani ya saa 72 na bila jeneza. Wewe kama hujui Wajaluo na matanga unaweza kudhani ni jambo dogo. Kwetu maiti ya mtu mkubwa hukaa wiki mbili, tatu, harambee zinafanywa, jeneza linaagizwa la bei ya kununua ng'ombe kadhaa, watu wanalala kwa hema, wanakula, wanarudi, na mwisho mjane anaachwa na deni na watoto wamekaa bila karo. Nimeyaona haya katika ukoo wetu. Sasa mtu wa cheo cha juu kuliko vyote jeshini, ambaye serikali ingeweza kumnunulia jeneza lolote duniani, anasema hapana, nizikeni haraka, niwekeni kwenye udongo. Rais amekuja, majenerali wamekuja, bendera nchi nzima nusu mlingoti, na kaburini anashuka hivyo.

Kuna wazee hapa hawakufurahia, na walituambia wazi. Mmoja alisema mtu mkubwa hazikwi haraka hivyo, watu wa mbali walikuwa hawajafika kumlilia. Nilimsikiliza na ninamheshimu. Lakini mama wa nyanya akamjibu kwa Kijaluo, na nitatafsiri tu kiini chake, kwamba mzee, wewe ulikopa pesa kumzika kakako na mpaka leo hujamaliza kulipa. Mzee hakujibu. Mimi niko upande wa mama. Nadhani Ogolla alitoa amri yake kubwa kuliko zote kwa wosia ule, na jamii yetu ingeitii hata nusu tu kuna watoto wangerudi shuleni muhula huu.

Mpwa wangu aliuliza swali zuri njiani, anko, kwani alijua atakufa? Nikamwambia kila rubani anaandika wosia. Akasema basi na mimi nitaandika.

Ijumaa, Kitale

Siku ya barabara. Kakamega, Webuye, Kitale. Gari liliharibika mpira karibu na Webuye tukakaa juani, makanga akahangaika, tukafika Kitale usiku. Tumekula tumelala.

Jumamosi, Chesegon

Tuliamka mapema tukapata Probox ya Makutano, tukabadilisha hapo tukaingia gari lingine la Sigor. Baada ya Chepareria na Ortum barabara inashuka katikati ya milima, mto uko kando, halafu pale Marich unaacha lami ya Lodwar na kukata kulia, joto linapanda, miti inakuwa ya miiba, na milima ya Cherang'any iko juu yako kwa upande wa kulia, mikubwa, ya kijani. Polisi wametusimamisha zaidi ya mara moja, wakaangalia vitambulisho, wakauliza tunaenda kufanya nini, tukasema ukweli, wakatuacha.

Chesegon iko mpakani mwa Pokot na Marakwet. Watu wake wameona mengi. Aprili 2020 maporomoko na mafuriko yalibeba soko na watu usiku. Na kwa miaka na miaka kuna wizi wa mifugo, bunduki, shule kufungwa kwa sababu walimu wamekimbia. Februari 2023 serikali ilianzisha Operesheni Maliza Uhalifu katika kaunti za huku, jeshi likaletwa kusaidia polisi, na kazi moja waliyopewa wanajeshi ilikuwa kukarabati shule zilizoharibiwa.

Hiyo ndiyo iliyomleta Ogolla. Alikuwa amekuwa naibu mkuu wa majeshi kwa muda mfupi tu 2023, kisha tarehe 28 Aprili mwaka huo huo akawa mkuu, ilikuwa bado siku kumi atimize mwaka. Asubuhi ya tarehe 18 aliondoka Nairobi saa tatu na dakika 20 kuja kuwatembelea askari wake na kuona ujenzi wa shule unafika wapi. Chopa ilikuwa imetoka tu kupaa kutoka hapa, saa nane na dakika 20 mchana, ikaanguka upande wa Marakwet, sehemu inaitwa Sindar. Walikuwa watu 12 ndani, 10 walikufa. Huko Sindar hatukuenda. Kuna familia 10, na pale si mahali pa kutembea kama watalii.

Tulikaa kituoni chini ya mti. Mwanamume mmoja aliyekuwa shambani siku ile alisema alisikia mlio, akatazama juu, kisha moshi, watu wakakimbia kuelekea huko wakiwa na maji na matawi. Hakutaka kuendelea na hatukumlazimisha.

Mwalimu mmoja wa hapa ndiye aliyenipa nilichokuwa natafuta, na alikipata kwa kuongea tu kawaida. Alisema wakati shule zimefungwa alikuwa anafundishia watoto chini ya mwembe wa jirani, madarasa matatu kwa wakati mmoja, na siku wanajeshi walipoanza kupiga mabati mapya, watoto walikuwa wanakuja hata Jumapili kuangalia tu. Mkubwa wa jeshi zima kuja mwenyewe kuangalia kama mabati yamepigwa, akasema, hatujazoea. Wakubwa huku huja wakati wa kura.

Wasichana wawili wa shule walikuwa wamesimama karibu wakimtazama mpwa wangu na daftari lake. Mmoja akauliza kama msichana anaweza kuwa kwenye hilo jeshi la ndege. Sikuwahi kujibu. Mpwa wangu akawaambia kwamba wiki mbili tu baada ya Ogolla kufa, tarehe 2 Mei 2024, aliyepewa kuongoza Jeshi la Wanahewa ni mwanamke, Fatuma Gaiti Ahmed, na ni mwanamke wa kwanza kuongoza kikosi kizima hapa Kenya. Akawaambia wakaze hesabu na fizikia, na tangazo la jeshi likitoka wasimpe mtu yeyote hata shilingi moja, kuandikishwa ni bure, anayeitisha pesa ni mwizi. Yule mdogo akaandika hesabu na fizikia kwenye kiganja kwa kalamu.

Dereva alitaka tuondoke kabla ya saa kumi kwa sababu ya barabara. Njiani mpwa wangu hakulala. Alikuwa ananisomea alichoandika, na amebadilika kidogo, bado anataka kurusha lakini sasa anauliza pia watu wa kuchunguza ajali wanachukuliwaje, ni marubani tu au hata mafundi. Mimi sijui, nikamwambia twende tumuulize mwenye kujua. Kesho tunarudi Kisumu kwa mzee sajini, nimempigia amekubali na mkewe ameshauliza kama tunakula kuku. Maswali ya mpwa wangu yamejaa kurasa mbili, la kwanza ni hili: ukifika kwenye ajali, unaangalia panga za injini zimepinda vipi ndio ujue kama ilikuwa bado inazunguka ilipogusa chini?